Barua ya wazi kwa wakubwa wa barabara, misitu na maji: iacheni changarawe, toeni maji

Wakubwa, shikamooni.

Nawaandikia watatu kwa pamoja, mwenye barabara, mwenye msitu na mwenye maji. Najua hamkai ofisi moja na pengine hata mikutano yenu ni tofauti, lakini ile njia ya changarawe ninayopita na baiskeli inapita kwenu wote, inaanza kama barabara ya kawaida, inaingia msituni, inatokea juu ya tuta la mto, inazunguka ziwa alafu inarudi ilikotoka, na katikati hapo hakuna sehemu baiskeli inajua sasa nimetoka kwa huyu nimeingia kwa yule. Mvua nayo haijui. Ndo maana kila nikienda kwa mmoja wenu naambiwa hilo ni la mwenzake, na maji yanaendelea kukaa palepale barabarani.

Ombi langu ni moja na nalisema mapema kabisa ili anayesoma haraka asilikose. Msiiweke lami na msiitelekeze. Iacheni changarawe, ila toeni maji juu yake. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwanza naomba nieleze tambarare ikoje ukiwa juu ya baiskeli, maana nadhani wengi mnaipita na gari mnaona ni kitu chepesi. Nchi ya milima inakupa mteremko, unapanda kwa shida lakini ukifika juu unapumzika miguu. Tambarare haina hiyo. Unapiga pedali saa nne mfululizo bila kuacha, ukiacha tu baiskeli inasimama, na mlima wako ni upepo. Na upepo sio mchezo, ukiongeza spidi mara mbili nguvu unayohitaji kuushinda inaongezeka mara nane, kwa hiyo kwenye mashamba ya wazi tunapanga mstari mmoja, wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanajificha, baada ya dakika chache anayeongoza anapisha. Ukiingia msituni upepo unakatika ghafla kama mtu amefunga mlango na unaanza kusikia vitu, tairi inavyosaga kokoto, cheni, ndege, maji yako wapi. Ukitoka msituni unakutana na ziwa. Hiyo kubadilika badilika ndo uzuri wenyewe, shamba, kivuli, maji, shamba tena, na njia inayoviunganisha ni hii ya changarawe, lami inapita mbali huko inakatisha moja kwa moja haina habari na ziwa.

Sasa tatizo la tambarare ni hilohilo linaloifanya iwe tambarare. Maji hayana pa kwenda. Mlimani ukikosea mtaro, maji yatakuharibia barabara lakini angalau yataondoka. Huku kwetu yakikosa mwelekeo yanakaa wiki, yanaloweka, gari moja inapita inachimba, ya pili inachimba zaidi, na baada ya mwezi lile lililokuwa dimbwi la kikombe limekuwa shimo la beseni. Sijawahi kuona barabara ya changarawe iliyokufa kwa sababu ya magari peke yake. Inakufa kwa maji, magari yanamalizia.

Nitoe mfano wa sehemu moja tu, maana nimeiangalia kwa karibu. Kabla hujafika ziwani kuna kona ndefu, kulia misonobari, kushoto mtaro mzuri tu ulichimbwa zamani, una kina cha goti. Kila mvua ikinyesha hapo kunakuwa na maji urefu kama wa basi. Siku moja nikashuka, nikaegemeza baiskeli kwenye mti nikachuchumaa kuangalia, nikajiuliza inakuwaje mtaro upo hatua mbili kutoka hapa na hauna hata tone, na barabara imejaa. Kumbe kati ya barabara na mtaro kumeota ukingo wa nyasi. Miaka na miaka greda inapita inasukuma mchanga pembeni, mchanga unashikwa na nyasi, nyasi zinakua, zinashika mchanga mwingine, hadi pamejengeka kituta cha upana wa kiganja na kimo cha kiganja, na hicho tu ndo kimezuia maji yote. Nikachukua kijiti kinene nikapasua pale kwa kijiti na kisigino cha kiatu, kama dakika kumi hivi, mfereji mwembamba. Yale maji yakaanza kutembea. Mwanzo polepole, yamebeba sindano za misonobari, alafu yakashika kasi, na nilipomaliza kula ndizi yangu nusu ya dimbwi ilikuwa imeshaingia mtaroni. Kijiti na kiatu jamani. Mtu mmoja na jembe anaweza kufungua kona kama hizo nyingi tu kwa siku.

Kwa hiyo nikisema toeni maji simaanishi mradi mkubwa. Namaanisha mambo ambayo mafundi wenu wa barabara wanayajua vizuri kuliko mimi. Barabara iwe na mgongo katikati, ule mwinuko wa kama sentimita 4 kwa kila mita kuelekea pembeni, ambao ndo kiwango kinachotajwa sana kwa changarawe, kwamba njia ya mita 3 kila upande katikati inakuwa juu kwa sentimita 12. Ni kidogo, mwendesha gari hata hasikii, lakini tone la mvua linasikia. Alafu ukingo wa nyasi ukatwe. Alafu mtaro uwe na pa kumwagia, sio mtaro unaoishia hewani. Alafu kalavati zizibuliwe kabla ya mvua, sio baada. Bahati mbaya ninachokiona ni greda inapita mara moja, kisu kimelazwa bapa, inafuta mgongo wote, barabara inabaki imelala kama meza au mbaya zaidi imebonyea katikati, siku hiyo kila mtu anasifia imekuwa laini, mvua ya kwanza tu imekuwa mfereji.

Na kisu cha greda kina habari nyingine, haya makunyanzi. Nyie mkiwa kwenye gari mnayajua, barabara inajikunja kama bati, mistari mistari, gari inatetemeka mpaka kioo kinaongea. Sasa fikiria hiyo hiyo kwenye baiskeli isiyo na springi. Vidole vinakufa ganzi, macho hayasomi njia, chupa ya maji inaruka kutoka kwenye kishikio chake. Wengi wanadhani yanaletwa na springi za magari au na malori tu. Mwaka 2007 wanafizikia walitoa utafiti, walichukua meza ya duara yenye mchanga inazunguka, wakaweka gurudumu juu yake, na makunyanzi yakajitokeza hata kwa gurudumu gumu lisilo na springi yoyote. Kinachohitajika ni spidi tu. Chini ya spidi fulani, na ni ndogo sana, kama mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, mchanga unabaki tambarare, juu ya hapo mawimbi yanajijenga yenyewe. Maana yake hakuna gari la kulaumu, na huwezi kuwaambia watu watembee mwendo wa miguu barabarani, kwa hiyo dawa iko kwenye udongo wenyewe na matengenezo. Greda ikikwangua vichwa vya makunyanzi tu na kujaza mabonde kwa mchanga mkavu, yanarudi haraka mno, maana mabonde yenyewe bado yapo chini. Inabidi ikate mpaka chini ya kina cha bonde, ichanganye upya, iwe na unyevu, ishindiliwe. Na unyevu ndo kila kitu hapo. Changarawe kavu haishikani, utaishindilia siku nzima na itabaki vumbi.

Hapo kwenye kushikana naomba nikae kidogo, maana limeshamuumiza mtu wangu.

Mwaka mmoja sehemu ya tuta la mto ilimomonyoka na wahusika wakaamua kurekebisha, jambo jema kabisa, wakamwaga mawe. Tatizo ni mawe waliyomwaga. Yalitolewa mtoni hukohuko, mviringo, laini, mazuri hata kuyaangalia, ukubwa wa yai. Mawe ya mto yamesuguliwa na maji mpaka yamekosa kona, na jiwe lisilo na kona haliwezi kumshika mwenzake, unaweza kuyashindilia utakavyo yatabaki yanateleza kama gololi. Barabara inataka kokoto za kupasuliwa, zenye pembe, za ukubwa mchanganyiko, kubwa kidogo, ndogo, na unga wake, pamoja na mfinyanzi kiasi, tuseme sehemu moja kwa kumi, wa kuzigundisha. Hizo zikipata unyevu na rola zinakuwa ngumu karibu kama saruji. Yale ya mto hapana. Basi tukafika pale asubuhi, tuko wanne, mwendo wa kawaida, rafiki yangu wa mbele akaingia kwenye kona juu ya tuta, nikaona tairi yake ya mbele inatoka pembeni kama imevutwa na kamba, hakupata hata muda wa kushika breki. Mtulinga ulivunjika. Tukakaa naye kwenye nyasi tumemfunga mkono na jezi, upande mmoja mto, upande mwingine shamba, gari la kutufuata halikuweza kupita juu ya yale mawe kwa sababu nalo lilikuwa linazama. Tulitembea naye mpaka lilipo daraja. Amepona, anaendesha tena, lakini ile kona mpaka leo anashuka anakokota.

Sitaki kumtaja aliyeagiza yale mawe na wala sidhani alikuwa na nia mbaya, pengine aliona yapo karibu na ni ya bure. Ninachoomba ni kwamba anayeagiza mawe aulize yanakwenda kufanya kazi gani. Na upande wa pili uangaliwe pia, mfinyanzi ukizidi ni balaa lake. Kule Kansas, Marekani, kuna mbio za changarawe zinazoanzia mji wa Emporia, zilianza mwaka 2006 na watu 34 tu kwa umbali wa kilomita 320 na ushee, leo ni maelfu. Mwaka 2023 mvua ilinyesha, na kwenye kipande kimoja cha udongo mapema kabisa tope likawa zito kiasi kwamba magurudumu yaligoma kuzunguka, wataalamu wa dunia wamebeba baiskeli begani wanatembea, wengine gia zimekatika. Ndo udongo bila kokoto huo. Kokoto bila udongo ni ile kona ya rafiki yangu. Barabara nzuri iko katikati na fundi wa barabara anaijua kwa kuishika tu mkononi.

Sasa nije kwenye lami, maana najua ndo jibu la haraka, na najua wapo wananchi wanaoitaka na wana sababu. Pale kwenye nyumba za watu, shule, zahanati, sina ubishi hata kidogo, vumbi linaumiza vifua vya watoto, nguo haziwezi kuanikwa, wekeni lami au mwageni chumvi zile za kushika vumbi, calcium chloride au magnesium chloride, zinatumika sehemu nyingi na zinasaidia. Naongelea zile kilomita ndefu za msituni na kuzunguka ziwa ambako hakuna nyumba. Lami pale inaleta spidi. Njia inayopitiwa leo na trekta, wapanda baiskeli, watu wa miguu na wavuvi itageuka njia ya mkato ya magari, na wanyama wa msituni wanaovuka kwenda kunywa maji watagongwa. Alafu lami kwenye udongo unaolowa ni ahadi isiyotimia, maji yakiingia chini inapasuka vipande, na changarawe iliyoharibika unaitengeneza kwa greda asubuhi moja ila lami iliyoharibika inakusubirisha bajeti. Nimepita barabara za lami iliyokufa, ni mbaya kuliko changarawe yoyote, kingo zake zinakata tairi.

Mtasema watu wa baiskeli ni wachache. Labda. Lakini angalieni inakoelekea. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilianzisha ubingwa wa dunia wa changarawe mwaka 2022, na ule wa kwanza kabisa hawakuupeleka milimani, waliupeleka Veneto, Italia, kutoka Vicenza kwenda Cittadella, kilomita 194 kwa wanaume, sehemu kubwa tambarare, njia za mashambani na kingo za mto. Akashinda Gianni Vermeersch wa Ubelgiji, na kwa wanawake Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa. Nchi tambarare yenye mto ilitosha kumpata bingwa wa dunia. Na huko Missouri, Marekani, kuna njia inaitwa Katy Trail, zamani ilikuwa reli, treni iliacha kupita mwaka 1986 baada ya mafuriko, kipande cha kwanza cha baiskeli kikafunguliwa 1990, leo ina urefu wa karibu kilomita 386, kwa sehemu kubwa inafuata Mto Missouri, na haijawekwa lami, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Watu wanaendesha siku tano sita wanalala kwenye vimiji vya njiani ambavyo bila hiyo njia vingekuwa vimesahaulika. Reli ilijengwa na watu waliojua maji, ina tuta, ina mitaro, ina madaraja, na ndo maana chokaa inakaa.

Mwenye msitu, sasa nakugeukia wewe. Nakuheshimu, najua msitu ni kazi, miti inapandwa inavunwa, malori lazima yaingie. Siombi malori yasiingie. Naomba yasiingie siku barabara imelowa chapachapa, kwa sababu lori moja la magogo kwenye udongo uliolowa linaacha makorongo mawili ambayo yakikauka yanakuwa magumu kama reli, gurudumu la baiskeli likiingia humo halitoki bila kukuangusha, na maji ya mvua inayofuata yanapata mfereji wa bure kushuka nao. Subirini siku mbili tatu ikauke. Mkimaliza kuvuna pale rudisheni mgongo wa barabara kabla ya kuhamisha mitambo, greda ikiwa bado ipo ni kazi ya siku, ikishaondoka ni kazi ya mwaka. Na mkifunga njia kwa kuvuna, bandikeni tangazo mwanzoni kabisa, kwenye makutano, sio kilomita 9 ndani ambako mtu anakuta utepe na inabidi arudi zote.

Mageti pia. Geti la kuzuia magari naliunga mkono kabisa, ila acheni upenyo pembeni. Mita moja na nusu inatosha, baiskeli ya kawaida inapita, ya mizigo inapita, kiti cha magurudumu kinapita. Nilishakuta geti limefungwa kwa kufuli kwenye tuta la ziwa, upande mmoja limeshikana na senyenge, upande mwingine maji, ikabidi kunyanyua baiskeli kuzipitisha juu mojamoja, na tulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu. Finland wana maziwa 188,000, ukihesabu hadi vile vidogo, na kila mtu ana haki ya kupita msituni kwa miguu au baiskeli bila kuomba ruhusa mradi asiharibu. Uskoti waliiandika haki kama hiyo kwenye sheria mwaka 2003, na ndani yake mpitaji ana wajibu wa kupita kwa heshima na mwenye ardhi ana wajibu wa kutomzuia bila sababu. Inawezekana basi, msitu ukavunwa na watu wakapita.

Alama nazo. Msitu wa tambarare unapoteza watu kuliko wa mlimani, hakuna kilima cha kukuelekeza, makutano yote yanafanana, misonobari mistari mistari kila upande, jua likijificha umekwisha. Huko Limburg, Ubelgiji, mhandisi mmoja wa migodi alikuja na wazo miaka ya 1990, kila makutano yapewe namba, na kibao kionyeshe namba zinazofuata, basi. Unaandika kwenye karatasi 12, 47, 48, 61, unafuata. Uholanzi nzima imeiga. Kibao cha namba kwenye nguzo, wala hakihitaji simu wala betri.

Mwenye maji, kwako ni daraja. Pale mto unapoingia ziwani kulikuwa na daraja dogo la mbao la miaka mingi, likachakaa, likatangazwa kwamba halifai kwa magari, sawa. Kisha likang'olewa lote. Sasa anayetaka kuvuka anazunguka kilomita 14, na kati ya hizo kama nusu ni barabara kuu ya malori isiyo na pembeni ya kupita. Nimeipita mara mbili, mara ya pili lori lilinipita karibu kiasi kwamba nilisikia joto la tairi zake kwenye goti. Sijarudi tena. Kuna familia zilikuwa zinakuja ziwani na watoto kwa baiskeli kupitia lile daraja, wameacha. Daraja lisiloweza kubeba lori bado linaweza kubeba watu. Piga vigingi viwili pande zote gari lisipite, badilisha mbao zilizooza, weka mbao za kukatisha na sio za kufuata urefu, maana ya urefu tairi ya milimita 40 inanasa kwenye nafasi zake. Hata kama mtajenga jipya, upana wa mita mbili unatutosha. Na kalavati mnazoweka kwenye vijito, naomba mziweke chini kidogo ya kitanda cha kijito, zisining'inie. Ile inayoning'inia maji yanadondoka kama bomba, yanachimba chini, samaki hawawezi kupanda na barabara inaliwa kutoka upande wa chini mpaka siku inabomoka. Hilo ni lenu watatu kwa mara moja, samaki, barabara na msitu.

Na sisi tunaopita tuna yetu, siwezi kudai tu. Njia ikiwa tope tusiingie, tairi zetu nazo zinachimba. Msimu ndege wanataga kwenye matete ya ziwa tubaki njiani, tusikate kona kwa kupita ukingoni. Mtu wa miguu apewe kengele mapema na spidi ipunguzwe, sio kumpita kama upepo. Mti ukianguka tutoe taarifa na picha na mahali ulipo. Mimi na wenzangu tuko tayari kuja na majembe kukata zile kingo za nyasi, tunachohitaji ni ruhusa ya maandishi na mtu wenu mmoja atuonyeshe wapi tusiguse, maana kuna mitaro mingine ni makazi ya vyura na hatutaki kuharibu.

Kuhusu muda. Greda msiilete kiangazi udongo ukiwa unga, na msiilete mvua zikiwa zinapiga. Ileteni mvua zinapokatika, ardhi bado ina unyevu, ukifinya kiganjani inashikana na haichuruziki. Kalavati zizibuliwe kabla ya hapo. Na kama kuna pesa ya sehemu moja tu, isiende kwenye changarawe mpya, iende kwenye ile kona ya misonobari kabla ya ziwa, sehemu tatu za kutoboa ule ukingo wa nyasi, na kalavati mbili pale mbele yake badala ya moja iliyopo sasa ambayo imejaa mchanga hadi juu. Ule mfereji wangu wa kisigino nilipita kuuangalia juzi. Umeshaziba, maji yamerudi.

Ni mimi, mwendesha baiskeli wa njia ya ziwani, kwa niaba yangu na wenzangu tunaopita hapo.